Kule

Mimi hutafsiri sinema kwa kinywa.
Kibanda changu kiko Kilembe, nyuma ya duka la mkaa:
benchi saba, turubai moja, jenereta linalokohoa.
Kijapani sijui hata salamu.
Lakini nipe mtu anayepigana, nami nitampa sauti,
nitampa jina la shemeji yangu, nitampa na deni.
Watu hucheka. Ndiyo kazi.

Jumamosi ile niliagiza ya majambazi
nikaletewa ya katuni.
Watoto walikwisha lipa. Nikaiwasha.

Msichana, nywele fupi, nyumba ya mbao.
Mdogo wake amekufa. Kifo hawakionyeshi;
wanaonyesha koti la mvua la njano kwenye msumari
na mama anayelipita bila kuligusa.
Ndani ya kofia ya koti mna wingu
dogo, la ukubwa wa kifaranga.
Msichana analilisha mvuke wa chai.
Linakua. Linajaza kabati. Linalowesha godoro.
Hapo nikatia utani: "Mama, si mimi niliyekojoa, ni wingu!"
Kibanda kikaangua kicheko,
isipokuwa benchi ya mbele, upande wa mlango.

Thembo, mtoto wa Muhindo fundi cherehani.
Kwetu sisi Wakonzo jina ni hesabu:
Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo.
Ukimwondoa mmoja, hesabu haisogei.
Thembo atabaki wa tano
hata akiwa na kaka watatu tu.
Usiku ule Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa kama mabasi,
ukabeba jiko la Muhindo, mbuzi wawili,
na Kule, aliyekuwa amerudi kuchukua redio.
Tangu hapo Thembo havuki daraja.
Mvua ikigusa bati, huingia chini ya kitanda.

Nami, mpumbavu mwenye kipaza sauti,
msichana alipouliza kitu
na bibi yake akanyosha kidole mlimani,
nikatafsiri nilivyozoea:
"Amekwenda kule."

Thembo akageuka.
Hakutazama turubai. Alinitazama mimi
kama mtu aliyesikia nduguye akiitwa chakulani.

Neno dogo. Nalisema mara mia kwa siku,
weka kule, kaa kule, katokea kule.
Sote tulilisema mbele yake, sokoni, kanisani, mazishini,
na hakuna aliyejisikia.

Nikazima kipaza sauti.

Msichana akapanda mlima. Juu palikuwa na theluji,
kama kwetu asubuhi chache ukungu unapofunguka.
Akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.
Wingu halikuondoka mara moja;
lilikwama kwenye mkono wa koti, likatoka, likarudi.
"Sema basi!" wakapiga kelele nyuma. "Rudisha pesa!"
Sikuwa na la kusema.

Ndipo Thembo akasimama juu ya benchi,
mgongo kwetu, kivuli chake kikikata theluji:
"Linasema limeshiba.
Linasema usinipe tena chai, nimeshiba."
Msichana akaachia.
"Linakwenda kwa Kule," akasema Thembo,
akaketi.

Kwenye turubai mvua ikanyesha, nyembamba,
na yule mama akatoka nje bila mwavuli.
Nyuma hakuna aliyedai pesa.
Jenereta likakohoa.

Nisikudanganye: daraja bado havuki.
Huzunguka kwa juu, njia ya mgodini, nusu saa nzima.
Lakini Jumamosi iliyofuata alifika wa kwanza,
viatu vimejaa matope, mkononi shilingi mia tatu,
na kiingilio ni mia tano.
"Ile ya wingu," akasema. "Na wewe usiseme kitu."
Nilizichukua mia tatu.
Sikusema kitu.